Pepa yako ya joto la mjini uipeleke wapi? Jarida huria, haibridi, lile la bure pande zote, au priprinti

Juzi dada mmoja tuliyesoma naye hapa Kampala kanitumia meseji saa tano usiku, "Kaka pepa imekubaliwa!!! ila wananidai dola elfu tatu na kitu, nifanyeje?" Nikacheka kidogo afu nikaacha kucheka, maana hilo shimo mimi mwenyewe nililitumbukia mzima mzima na sikuambiwa na mtu. Dola elfu tatu ni zaidi ya milioni kumi za shilingi zetu, yaani kwa mwalimu msaidizi wa chuo hiyo ni mishahara ya miezi kadhaa, kwa pepa yenye grafu sita kuhusu joto la Kalerwe.

Sasa wengi mnaniuliza jarida gani ni zuri, huria au lile la kawaida, hili lina impakti fakta gani (yaani mapepa yake yanatajwa mara ngapi kwa wastani). Mi nasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni mambo mawili tu: jarida lenyewe ni huria kabisa (kila pepa iko wazi kwa kila msomaji) au ni haibridi (la usajili, ila linadai ada ukitaka pepa yako iwe wazi), na imeili ya nani imewekwa pale kama mwandishi wa mawasiliano. Hayo mawili ndo yanaamua kama utalipa sifuri au utalipa mamilioni, kwa pepa ileile, kwa mchapishaji yuleyule. Nitawaonyesha.

Kwanza kisa changu, kifupi. Tulitundika vipima joto kumi na vinne, vile vidogo vya kurekodi vyenyewe, nusu tukaviweka Bwaise kwenye mizigo ya mabati, ndo tunavyoita hapa nyumba za kupanga za chumba kimoja kimoja, nusu juu Kololo kwenye miti na bustani. Ruhusa ya baraza la sayansi tulikuwa nayo lakini aliyetusaidia kwelikweli ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, alizunguka na sisi mlango kwa mlango anaeleza watu kwamba hicho kidude si kamera ya serikali. Kivuli cha kipimo tulikitengeneza wenyewe kwa visahani vya plastiki vyeupe vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, upepo upite katikati, jua lisikiguse moja kwa moja. Miezi kumi na moja. Vitatu vilipotea.

Pepa ikaandikwa, mshirika wetu wa Ulaya akapendekeza jarida moja la jina kubwa, silitaji, tukatuma, rivyua wawili, wale wataalamu wanaoipitia pepa kabla haijakubaliwa, wakatusumbua weee, mwishoni ikakubaliwa. Ikaja fomu ya mtandaoni, kuna mahali wanauliza unataka pepa yako iwe wazi kwa kila mtu? Nani atakataa, nikatiki ndiyo. Siku mbili baadaye invoisi. Nikawaandikia kwa kujiamini kabisa kwamba mimi natoka Uganda, nchi maskini, nyie mna msamaha wa ada. Jibu likaja la heshima: msamaha upo kwenye majarida yetu ya huria kabisa, hili ni haibridi, pole.

Mkutubi wetu ndo aliniokoa. Kaniambia mwanangu, rudi waombe wabadilishe chaguo, pepa itoke kwa njia ya usajili, hulipi hata senti, afu ile nakala yako ya Word iliyokubaliwa tutaiweka kwenye hazina ya chuo, ile tovuti inayohifadhi kazi za watu wake, muda wake ukifika. Ikawa hivyo. Wangekuwa wameshaitoa pepa ingekuwa kazi nyingine.

Haibridi na huria kabisa, tuwaweke bega kwa bega

Mfano mzuri kuliko yote uko kwa mchapishaji mmoja, Elsevier, na kwenye fani yetu hasa. Kuna Urban Climate, lilianza 2012, kila mtu wa joto la miji analijua, rivyua wake ni watu waliobobea kwelikweli. Hilo ni haibridi, maana yake wasomaji wanalipia usajili, na mwandishi akitaka pepa yake pekee iwe wazi analipa ada. Kuna na ndugu yake mdogo, City and Environment Interactions, huyo ni huria kabisa tangu azaliwe, hakuna usajili, kila pepa iko wazi kwa kila mtu.

Angalia sasa. Mtu wa Uganda akipeleka kwa mkubwa na kutaka iwe wazi, analipa. Akipeleka kwa mdogo, Uganda iko kundi A la Research4Life, ule mpango wa kuzipa nchi maskini majarida bure au kwa bei ya chini, ada inaweza kufutwa yote. Milango miwili ya nyumba moja, mmoja una mlinzi anayedai tiketi na mwingine hauna, wewe hujui kwa sababu kuta zimepakwa rangi moja.

Je kwa hiyo mkubwa aachwe? Hapana. Urban Climate ukiingia kwa njia ya usajili ni bure kwa mwandishi, na jina lake kwenye fani linabeba. Kama unaomba postdok, ile kazi ya utafiti baada ya PhD, na jopo ni la watu wa fani, hiyo ina uzito wake. Bei unayolipa ni nyingine: mhandisi wa mifereji pale manispaa anafungua linki anakutana na ukuta. Chuo kikuu chetu kinaweza kusoma kupitia Research4Life, hilo ni kweli, lakini mwandishi wa habari hasomi, kampuni ya ushauri inayochora ramani ya mafuriko ya Lubigi haisomi, na mwenyekiti wangu wa LC1 ndo kabisa.

Hapo inaingia njia ya kijani. Nakala yako iliyokubaliwa, yaani ile uliyoiandika wewe baada ya kurekebisha maswali ya rivyua lakini kabla wao hawajaipanga kwa safu na nembo yao, hiyo majarida mengi yanakuruhusu kuiweka wazi. Wengine mara moja, wengine baada ya miezi waliyoiweka wao, na tofauti ni kubwa. Elsevier kwa mfano wanaruhusu uiweke kwenye ukurasa wako binafsi papo hapo, ila hazina ya chuo inasubiri. Sera za kila jarida zinapatikana kwenye tovuti ya Sherpa Romeo, unaandika jina tu. Watu wa Makerere wana hazina yao ya chuo, imejaa tasnifu, lakini mapepa mengi ya walimu hayamo, na si kwa sababu wamekatazwa, ni uvivu wetu na kupoteza faili. Jamani hifadhini ile Word ya mwisho. Mi ya kwangu niliikuta kwenye flashi ya shemeji yangu.

Imeili ya nani?

Hii nairefusha kwa makusudi kwa sababu ndo inaumiza watu kimyakimya.

Utafiti wetu mwingi una mshirika wa nje, pesa zinatoka huko. Ripoti ya 2022 ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, ile ya athari, kwenye sura ya Afrika waliandika kwamba kati ya 1990 na 2020 pesa za utafiti wa tabianchi unaohusu Afrika asilimia 78 ziliishia kwenye taasisi za Ulaya na Marekani, asilimia 14.5 tu ndo zikafika kwenye taasisi za Afrika. Sa unategemea nini, anayeshika pesa ndo anashika na kalamu, na mara nyingi ndo anakuwa mwandishi wa mawasiliano, yule ambaye imeili yake inakaa pale chini na nyota.

Wachapishaji wengine wanaangalia nchi ya huyo mmoja tu. Akiwa Mganda anayefanya kazi chuo cha Uganda, msamaha. Akiwa profesa wa Ujerumani, hakuna msamaha, ila pengine chuo chake kina mkataba na mchapishaji na watamlipia, kwaiyo muulize kwanza kabla ya kugombania nafasi. Wachapishaji wengine ni wagumu zaidi, wanataka waandishi wote watoke nchi zenye msamaha, ukiwa na jina moja la Uingereza katikati basi imekula kwako. Hili haliko sawa kila mahali na linabadilika, soma ukurasa wa jarida lenyewe siku ileile unayotuma, usitegemee kumbukumbu ya mtu wa mwaka juzi, mimi nikiwemo.

Na kuna la majirani ambalo watu hawalijui. Orodha ziko mbili. Wengine wanatumia orodha ya Research4Life, wengine ile ya kipato ya Benki ya Dunia. Uganda kwa Benki ya Dunia bado ni kipato cha chini, lakini Kenya ilipanda kuwa kipato cha kati cha chini Julai 2015, na Tanzania ikapanda Julai 2020. Kwaiyo pepa ya mafuriko ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, imeili ikiwa ya mtu wa Nairobi inaweza kupata punguzo la nusu, ikiwa ya Kampala ikawa bure. Mnakaa mnabishana nani ni wa kwanza, wakati cha kubishania kilikuwa imeili ya nani! Na sisi tusijivune, siku Uganda nayo ikipandishwa, kwa wanaotumia orodha hiyo msamaha utageuka punguzo.

Tahadhari moja, usimweke mtu kama mwandishi wa mawasiliano kwa ajili ya ada tu. Huyo ndo atajibu maedita, ndo atakayeulizwa data ziko wapi miaka mitano ijayo. Kama ni wewe uliyepanda ngazi kutundika vipima joto basi una haki nayo kabisa, iseme mapema, kwenye kikao cha kwanza, si siku ya kutuma.

Wale huria kabisa, nani kwa nani

PLOS Climate. Huyu kwetu ni mwepisi kuliko wote upande wa pesa, mfumo wao ulitengenezwa ili vyuo vya nchi tajiri vilipe kwa mwaka na nchi za Research4Life waandishi wasidaiwe. Wanapokea utafiti wa miji, wa sera, wa afya na joto, hawang'ang'anii iwe fizikia tupu. Wana msimamo mkali kuhusu data, lazima uziweke wazi, kwaiyo kama data zako zina majina ya wenye nyumba au namba za simu kazi ya kuzisafisha ianze mapema.

Environmental Research Letters la IOP, wachapishaji wa fizikia wa Uingereza, huria tangu lilipoanza 2006, jina kubwa sana. Pepa fupi, hoja moja iliyonyooka, na edita anaweza kukukataa ndani ya wiki bila hata kuipeleka kwa rivyua kama haoni jipya kwa dunia nzima. Hapo ndo shida yetu ilipo, "joto la Bwaise" wao wanaona ni habari ya mtaa, lazima uonyeshe Bwaise inafundisha nini kuhusu vitongoji vya mabati popote. Lina mdogo wake, Environmental Research: Climate, la 2022, mpya zaidi na lina nafasi kwa mambo ya namna hii. IOP nao wana msamaha kwa nchi za kipato cha chini.

npj Urban Sustainability la kundi la Nature, huria, lilianza 2021. Springer Nature kwa majarida yao ya huria kabisa wanafuta ada kwa nchi za kipato cha chini. Msilichanganye na Nature lenyewe, ambalo lilipofungua mlango wa huria 2021 ada ilitangazwa euro 9,500, watu wakashika vichwa. Kuingia npj ni kugumu, sitawadanganya.

Copernicus, wale wa Göttingen, Ujerumani, wanaochapa majarida ya umoja wa Ulaya wa sayansi za dunia (EGU), mfano Natural Hazards and Earth System Sciences kwa mafuriko, au Atmospheric Chemistry and Physics kwa hewa. Hawa wana jambo ninalolipenda: rivyu inafanyika hadharani. Pepa yako inawekwa wazi kama priprinti, yaani kabla rivyua hawajaipitisha, rivyua anaandika maoni yake kila mtu anasoma, na wewe unajibu hadharani. Kwa mwanafunzi hiyo ni shule ya bure, nenda kasome watu wanavyojibu rivyua mkorofi bila kutukana. Lakini kama una moyo mwepesi utateseka, maana ukikataliwa na yale maoni yanabaki pale milele. Msamaha kwao ni wa kuomba, omba wakati unatuma, usisubiri.

Afu kuna wale wa haraka, MDPI na Frontiers, wote wa Uswisi, na MDPI wanaandika ada zao kwa faranga. MDPI wana Climate, Atmosphere, Urban Science, na lile kubwa Sustainability ambalo ada yake 2025 ilikuwa faranga 2,400. Frontiers wana Frontiers in Climate na Frontiers in Sustainable Cities. Uzuri wao ni mwendo, unatuma leo baada ya wiki chache una majibu ya rivyua mkononi, na ukiwa na dedilaini ya kumaliza PhD hiyo si kitu kidogo, mi sitawacheka wanaoenda huko. Ubaya: msamaha mara nyingi ni wa kuomba, unaweza kupewa nusu au kunyimwa. Na kuna kamati za kupandisha vyeo zinawaangalia kwa jicho la pembeni, hasa baada ya 2023 pale jarida mojawapo kubwa la MDPI, lile la mazingira na afya ya jamii, lilipotolewa kwenye Web of Science, ile orodha ya majarida yanayotambuliwa. Ubora wao unapanda na kushuka, toleo hili maalumu zuri, lile bovu, inategemea nani kalisimamia. Angalia majina ya maedita waalikwa, kama unawajua kwa kazi zao endelea, kama wote huwajui vuta pumzi kwanza.

Ukinibana nichague kwa mtu wa Kampala mwenye pepa nzuri ya kawaida na mfuko mtupu, PLOS Climate au City and Environment Interactions, kwa mpangilio huo. Sina hisa huko.

Na yale ya bure pande zote

Mwandishi halipi, msomaji halipi, watu wanayaita almasi. Wengi wanadhani ni machache, kumbe kwenye DOAJ, ile orodha ya majarida huria iliyoanzia chuo cha Lund Uswidi 2003, zaidi ya nusu hayadai ada yoyote. Kuna kichujio pale, unatiki bila ada, unaandika mada yako, orodha inakuja.

Kwa hewa ya mjini lipo Clean Air Journal la Afrika Kusini, na hili kwetu lina maana kwa sababu Kampala kupima hewa si jambo geni tena, wale vijana wa AirQo wa Makerere walianza 2015 na vipimo vyao vya bei nafuu vikifungwa mpaka juu ya bodaboda. Rivyua wa jarida kama hilo anajua vumbi la barabara ya murram ni nini, anajua watu wanachoma takataka jioni, huhitaji aya mbili kumweleza. Hiyo peke yake ni raha. Rivyua mmoja wa Ulaya aliwahi kuniuliza kwa nini wenye nyumba hawakufunga madirisha usiku, nikabaki naiangalia skrini. Dirisha gani?

AJOL nayo, ile tovuti ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998 na sasa iko Afrika Kusini, ina mamia, yapo mazuri yapo yaliyolala. Yaliyolala utayajua, toleo la mwisho lina miaka miwili na edita hajibu. Udhaifu wa almasi ndo huo, yanaendeshwa na walimu wawili watatu kwa kujitolea, mmoja akienda likizo ya masomo jarida linasimama. Na mengi hayamo kwenye Scopus, orodha nyingine kama Web of Science, wakati kamati ya chuo chako pengine inahesabu Scopus tu. Uliza kwanza kamati inahesabu nini. Si haki, ila ndo hali.

Priprinti siyo ya kuchagua badala yake, ni ya kuongeza

Huku watu wanaogopa sana, "wataniibia." Mi naona kinyume. Ukiiweka kwenye tovuti za priprinti kama EarthArXiv au AfricArXiv inapata DOI, namba yake ya kudumu ya utambulisho, na tarehe, mtu akija na wazo lako mwaka kesho wewe una risiti. Ukikaa nayo kwenye laptop ndo huna chochote. Rivyu ya jarida inachukua miezi sita, wakati mwingine mwaka, katikati hapo mvua mbili zimepiga na Clock Tower imejaa maji mara kadhaa, na namba zako ambazo zingesaidia ziko kwenye foleni.

AfricArXiv ilianza 2018 na inakaribisha lugha za Afrika, Kiswahili kimo. Baraza la mawaziri letu liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, sa hebu mtu aniambie ni muhtasari wangapi wa tabianchi ya miji ameuona kwa Kiswahili kutoka hapa. Mi niliandika wa kwangu ukurasa mmoja. Nilitumia siku nzima kutafuta neno la ile hali ya mji kuwa na joto kuliko vijiji vya jirani, nikaishia "kisiwa cha joto", mwenyekiti akaniuliza kisiwa kiko ziwani sehemu gani. Nikabadilisha nikaandika "mji unashika joto". Akaelewa.

Data nazo weka Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya watu wa CERN, ile maabara ya fizikia ya Ulaya, bure, inatoa DOI, afu unaitaja kwenye pepa. Kama pesa zako ni za Gates Foundation priprinti si hiari tena, tangu Januari 2025 wanaitaka na ada za majarida wameacha kuzilipa. Angalizo dogo, yapo majarida machache ambayo bado hayapendi pepa iliyokwishawekwa mtandaoni, hasa madogo, soma sera kabla.

Na leseni. Ikiwa huria chagua CC BY ukiweza, inamruhusu mtu yeyote kunakili, kutafsiri kwa Luganda, kuchapa grafu yako kwenye bango la mkutano wa mtaa, mradi akutaje tu. Pepa ya usajili mara nyingi umeshasaini haki zimeenda kwa mchapishaji, ofisi ya jiji ikitaka ile ramani yako kwenye ripoti yao inabidi waombe ruhusa kwa watu wasiowajua. Hili watu wanalipita haraka kwenye fomu, wanatiki tu.

Wezi

Majarida feki, kwa kifupi maana mnawajua. Imeili inakuita Mheshimiwa Profesa wakati wewe bado uko masters, inasifia pepa yako ya ng'ombe ambayo hukuandika, wanachapa ndani ya siku nne, dola 150 tu, tuma kwa njia ya simu. Jamaa yangu alikubaliwa masaa kumi na mawili tu baada ya kutuma, rivyu ikasema "kazi nzuri sana". Pepa ilikuwa nzuri kweli na sasa hawezi kuipeleka kwingine. Siyo wadogo tu, OMICS ilikuwa kampuni kubwa na mahakama ya Marekani 2019 iliiamuru ilipe zaidi ya dola milioni 50. Orodha ya majarida ya kutiliwa shaka ya Jeffrey Beall iliyokuwa ikitusaidia aliifuta Januari 2017, nakala zinazozunguka zimezeeka, usizitegemee. Angalia DOAJ, pitia maswali ya tovuti ya Think Check Submit, afu tafuta mtu mmoja kwenye bodi ya maedita umwandikie umuulize kama anajua jina lake limo.

Ila msiseme kila jarida linalodai ada ni la wizi. Nilimsikia mwalimu mmoja akimwambia mwanafunzi hivyo, na mwanafunzi akaikwepa PLOS. Si ada ndo dalili, dalili ni rivyu ambayo haipo.

Sasa yule dada. Nilimpigia asubuhi, jarida lake haibridi, kama langu. Nikamwambia afanye nilivyofanya, akaandika, wakambadilishia kwa njia ya usajili siku hiyohiyo, nakala yake iko EarthArXiv na ya hazina ya chuo inasubiri muda. Profesa wake kalalamika kidogo kwamba pepa haina ile alama ya kufuli lililofunguliwa. Hakuna aliyejitolea kulipa hiyo milioni kumi kwaiyo ikaisha.

Swali lake la mwisho lilikuwa la pepa ijayo, mafuriko na joto pamoja, kama asubiri akusanye data za mwaka wa pili. Kuna ile ripoti maalumu ya IPCC kuhusu miji, imepangwa kutoka 2027, na watu wengi wanakimbizana nayo. Nikamwambia usikimbie kwa ajili ya IPCC, lakini priprinti itoe, na kwenye uainishaji wa maeneo tumia ile mizani ya Stewart na Oke ya 2012, Bwaise nyingi inaangukia namba 7, majengo mepesi mafupi yaliyobanana, hapo mtu wa Dhaka au Lagos anakuelewa bila kufika hapa. Bila hivyo unarudi kuwa habari ya mtaa.

Ya kwangu ya pili iko PLOS Climate kwa rivyua. Sijadaiwa kitu. Wameuliza maswali kumi na tisa, kumi na nane nimeshajibu, lililobaki ni la rivyua wa pili anayetaka maelezo ya kina kwa nini vipima joto vitatu havina data baada ya mwezi wa tano, kama ni hitilafu ya betri au ya programu. Nimekaa na hiyo sentensi tangu jana, sijui kuiandika kitaalamu. Viliibiwa, na kimojawapo mwenyekiti alikiona kinauzwa soko la Owino kama chaja.